Ajali haina kinga? Jibu kwa aliyemzika mwanafunzi wake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kijiwe cha bodaboda huku Mkuranga. Wiki tatu zilizopita tulimpoteza mwenzetu, kijana wa miaka 23. Ilikuwa magharibi, ametoka kumshusha abiria anarudi kijiweni kwa barabara ya Kilwa. Noah iliyokuwa inakuja upande wa pili ikakata kulia kuingia sheli, akaivaa ubavuni. Nilifika baada ya dakika chache. Kofia yake ilikuwa mtaroni, nzima, haina hata ufa. Kwenye lami palikuwa na alama moja nyembamba ya tairi, imeyumba kama nyoka, nikaihesabu hatua kumi na nne. Mwalimu, mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha. Wazee wanasema siku yake ilifika, na ajali haina kinga. Ni kweli hapakuwa na la kufanya? Nikipita pale mikono inatetemeka. Arobaini inakaribia na vijana wanapanga msafara mkubwa. Na mama yake kila nikienda kumsalimia ananiuliza, "Mwanangu ilikuwaje?" Sijui nimjibu nini.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana, na unifikishie pole zangu kwa kijiwe kizima na kwa mama. Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya tatu nilichukua karatasi nikachora: barabara, sheli, Noah, na hatua zako kumi na nne. Nimefundisha udereva wa pikipiki kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa kijiweni kama wewe, napeleka hesabu kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki, kila jioni. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa kazi anavyomjibu mwenzake. Mengine yatauma.

Nianze na hilo la wazee. Neno ajali tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni muda uliowekwa, ile siku ya mtu kufikwa na mauti. Ndiyo maana anayesema ajali haina kinga hasemi ovyo: anasema kifo kikifika hakizuiliki, na mbele ya kaburi hayo ni maneno ya faraja. Sibishani nayo. Shida ni kwamba neno hilohilo tumelibandika kwenye kila chuma kinachogongana barabarani. Gari likikata kona bila dereva kutazama tunaita ajali, breki ikikosa kazi tunaita ajali, na tukishaita hivyo hakuna anayeuliza tena. Tunachanga, tunazika, tunarudi kijiweni, na kesho yake tunapita palepale kwa mwendo uleule.

Sasa twende pale barabarani.

Mwaka 1981 ilitoka Marekani ripoti moja ambayo walimu wa pikipiki duniani bado wanaitumia. Mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walikuwa wakikimbilia ajali za pikipiki mjini Los Angeles zikiwa bado mbichi, wakapima alama za matairi, wakazungumza na waliopona. Walichunguza kwa namna hiyo ajali kama 900. Waliyoyakuta ni mawili ambayo nataka uyabebe. Kwanza, pikipiki ilipogongana na gari, katika theluthi mbili ya ajali hizo dereva wa gari ndiye aliyeingilia njia ya mwenye pikipiki. Pili, tangu hatari inapojitokeza mpaka kugongana, mwenye pikipiki kwa kawaida hupata muda usiofika sekunde mbili.

Sekunde mbili, mdogo wangu. Sema polepole "Noah inakata" na zimekwisha. Ndani ya muda huo hakuna kufikiri. Mkono na mguu vinafanya kile vilichozoea kufanya kila siku, kizuri au kibaya. Kwa hiyo nikiulizwa kama ajali ina kinga nasema hivi: ndani ya zile sekunde mbili, wazee karibu wana haki. Kinga yetu iko nyuma yake, mita mia au mia mbili kabla ya sheli, wakati bado hakuna lolote lililotokea na mtu anawaza chakula cha jioni.

Dereva wa Noah huenda amewaambia polisi kwamba hakumwona. Najua vijana wamekasirika kwa neno hilo, lakini linaweza kuwa kweli, na ukweli huo ndio wa kutisha. Jicho la mtu hupima umbali wa kitu kinachokuja kwa jinsi kinavyojaza nafasi mbele yake. Basi linajaa, lori linajaa. Pikipiki ni nyembamba, ina taa moja, na magharibi taa hiyo inapotelea kwenye taa za sheli na za magari yaliyo nyuma yake. Dereva anaiona ndogo, anadhani iko mbali na inakuja polepole, anakata. Tena ile nguzo iliyo pembeni ya kioo cha mbele cha gari inaweza kuficha pikipiki nzima pamoja na abiria wake kwa muda wa kutosha kumaliza mtu. Haya hayamwondolei kosa. Anayekata kulia anatakiwa kumpisha anayekuja moja kwa moja, na sheria iko wazi. Lakini kuwa na haki ya njia hakumsimamishi mwenye Noah. Nimewajua wengi waliokuwa na haki, na tumewazika.

Kwa hiyo anayetaka kurudi nyumbani anaendesha kama mtu asiyeonekana. Ukiona gari limesimama katikati likisubiri kukata kulia, au linapunguza mwendo karibu na sheli, usihangaike na uso wa dereva. Anaweza kukukodolea macho na asikuone. Tazama tairi lake la mbele. Tairi huanza kugeuka kabla bodi halijasogea, na hilo ni dokezo la bure. Achia mafuta. Weka vidole viwili juu ya breki ya mkono, ile ya gurudumu la mbele. Jisogeze kidogo ndani ya njia yako, kwa sababu kitu kinachobadili mstari huonekana upesi kuliko kinachokuja kimenyooka. Taa iwake mchana na usiku, na kioo chake kifutwe vumbi. Kitambaa cha kufutia taa hakigharimu chochote.

Sasa hesabu. Sijui alikuwa na mwendo gani, kwa hiyo chukua mfano tu. Mtu yuko kilomita 60 kwa saa, Noah inakata ikiwa mita 35 mbele yake. Sekunde moja inapita kabla mkono haujaanza kazi, na kwa mwendo huo sekunde moja ni karibu mita 17. Akitumia breki zote mbili vizuri kwenye lami kavu, anahitaji kama mita 23 zaidi kusimama. Jumla 40. Anazo 35. Anagonga. Sasa mtu huyohuyo, pikipiki ileile, lakini alipoiona sheli aliachia mafuta akashuka mpaka 45. Sekunde ya kwanza inamla mita 12 na nusu, kusimama kunamla kama 13. Anasimama mita tisa kabla ya Noah, moyo unamdunda, anatukana, anaendelea na safari. Mpaka kijiweni amechelewa nusu dakika. Kwenye makazi sheria yetu inataka 50, na watu wengi wanadhani ni kwa ajili ya tochi za trafiki tu.

Alama ya tairi ndilo jambo lililonifanya nichukue karatasi. Alama moja, nyembamba, iliyoyumba kama nyoka. Hiyo ni gurudumu la nyuma lililofungwa na breki ya mguu likawa linaburuzwa. Gurudumu la mbele linapofunga breki sawasawa bila kukwama haliachi alama nzito, kwa hiyo sina uhakika asilimia mia. Lakini kuyumba namna hiyo kwa hatua kumi na nne huwa ni kwa mtu aliyekanyaga mguu kwa nguvu zote na mkono wa breki hakuugusa, au aliugusa kwa woga.

Na hapa naomba uniandalie moyo wako. Ulimfundishaje breki?

Najua jibu, kwa sababu nami nilifundishwa hivyohivyo, na kwa miaka kadhaa nikawafundisha wengine hivyohivyo: "Breki ya mbele usiiguse ukiwa kasi, itakupindua." Neno hilo linapita kutoka kijiwe hadi kijiwe kama wosia. Limetokana na kitu cha kweli, kwamba ukiinyakua breki ya mbele kwa ghafla, au ukaishika kwenye mchanga au katikati ya kona, inakuangusha. Ila tulichopaswa kufundisha ni namna ya kuishika, sisi tukafundisha kuiogopa. Pikipiki inapofunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, gurudumu la mbele linajikandamiza barabarani na la nyuma linakuwa jepesi. Nguvu kubwa ya kusimama, zaidi ya nusu kwa mbali, iko mkononi. Mguu peke yake kwa mwendo wa 60 unahitaji kama mita 40 kusimama, na breki zote mbili kama 23. Katikati hapo zinaenea kosta mbili na nafasi ya kubaki.

Usiondoke na hesabu hii ukajichoma nayo. Kama alikuwa 60, kwa zile mita kumi hivi za alama yako breki ya mguu ilimshusha mpaka kama 52, na breki zote mbili zingemshusha mpaka kama 45. Asingesimama. Angegonga kwa nguvu pungufu kama robo, na kwa kichwa cha mtu robo ni kitu kikubwa, lakini mimi wala wewe hatuwezi kusema angepona. Nakwambia ili ujue uzito halisi wa sehemu yako. Ulimpa ulichokuwa nacho, na ulichokuwa nacho kilikuwa na upungufu usioujua. Waliobaki kijiweni wana upungufu huohuo leo hii, wanaendesha nao wakati unasoma hapa. Hilo ndilo la kushughulikia.

Tafuteni uwanja wa shule wenye ardhi ngumu, Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Chukua majivu, chora mstari. Mtu aje na mwendo wa 20, akifika mstarini asimame kwa mguu peke yake, weka jiwe aliposimama. Arudie kwa mkono na mguu pamoja, weka jiwe la pili. Usiseme neno, waache wayatazame mawe yale mawili. Nimewaona madereva wa miaka kumi wakiinama kuyapima kwa hatua kwa sababu hawaamini. Kisha 30, kisha 40, kwenye lami tulivu mkipata. Breki ya mkono inakamuliwa kama unavyolikamua embe bovu usilitake lipasuke: polepole mwanzo, kisha unazidisha. Macho mbele, siyo kwenye gurudumu. Klachi mwishoni. Mtu arudie mara thelathini, arobaini, wiki hii na wiki ijayo, mpaka mkono uwe unakwenda wenyewe. Na kabla ya yote kagueni hizo breki. Pikipiki zetu nyingi bado zina breki za dramu mbele na nyuma, waya ukilegea mkono unagusa mpini na hakuna kinachotokea, na ukitoka kwenye dimbwi dramu iliyolowa inateleza mpaka uibonyeze mara kadhaa ikauke.

Kofia. Umesema ilikuwa mtaroni, nzima. Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu kuliko zote. Kofia iliyofanya kazi yake huonekana: imekwaruzika, imepasuka, povu gumu la ndani limebonyea. Iliyokutwa mbali na mwenyewe ikiwa nzima iliondoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini, maana yake kamba haikufungwa au kifungo kilikuwa kibovu. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali uliona kofia inapunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini hizo ni kofia zilizobaki kichwani. Huku kwetu kofia inavaliwa kwa ajili ya trafiki: inapachikwa juu ya paji la uso, kamba zinaning'inia, wengine wanaitundika kwenye kioo cha pembeni mpaka waione sare nyeupe mbele. Kesho asubuhi simama kijiweni, pitisha vidole viwili kati ya kamba na kidevu cha kila mmoja. Viwili vipite, vitatu visipite. Kisha ishike kofia kwa nyuma uisukume kwenda mbele, ikivuka kichwa haimfai. Iliyokwisha kugonga chini mara moja ivunjwe kabisa, asije mtu akaiokota akauziwa. Na ile ya abiria ni hivyohivyo. Wakikataa kwa kuogopa mapunye, wawekeeni vitambaa vya kuvaa ndani, vijiwe vingine vinafanya hivyo na abiria wanapenda.

Kuhusu uchovu nitasema kidogo tu, maana unaujua kuliko mimi. Mwenye kuamka saa kumi na moja alfajiri na bado anadaiwa elfu tatu kutimiza hesabu, saa kumi na mbili jioni ndipo anapokimbia zaidi na kuona kidogo zaidi. Kijiwe chenye umoja kinaweza kumzibia mtu pengo la siku moja kutoka mfuko wa kijiwe ili asikimbizane na giza. Nimeona likifanyika. Zungumzeni pia na matajiri, wao nao hawapendi kununua pikipiki mpya.

Sasa msafara, na hapa nisikilize vizuri.

Mwaka 2013 tulimzika rafiki yangu wa kijiwe kimoja, pande za Mbagala. Tulikwenda pikipiki zaidi ya hamsini, matawi ya majani yamefungwa mbele, honi zinalia, mashine zinaunguruma mpaka watu wakatoka madukani. Nilikuwa katikati ya kundi na nikasikia kitu kifuani ambacho sijui kukieleza, kwamba mtu wetu hakuwa mtu wa bure. Najua kwa nini vijana wanautaka msafara. Dereva wa bodaboda hatangazwi popote akifa, na honi zile ndizo tangazo lake. Wakati wa kurudi makaburini kijana mmoja, aliyelia kuliko sisi sote, alisimama wima juu ya siti, mikono ameinyoosha. Kofia alikuwa ameitundika kwenye kioo. Tuta halikuwa kubwa. Nilimwona akiondoka kama mtu anayeruka mwenyewe. Tuliingia matanga ya kwanza tukiwa na msiba wa pili, na mama yake alikuwa jikoni kwa jirani akiwapikia waombolezaji.

Tangu siku hiyo sijawahi kuukubali msafara wa namna ile, na nakuomba kama kaka uuzuie. Kwenye kundi mnaibiana zile sekunde mbili: kila mtu yuko mita tatu nyuma ya mwenzake, anatazama mgongo badala ya barabara, na wa mbele akigusa breki wa nyuma hana pa kwenda. Ongeza machozi, usingizi wa mkesha, na kwa wengine pombe ya tangu jana. Magari nayo yanakuwa yamekasirishwa na honi.

Lakini usiwaambie tu "hapana", hawatakusikia, na wana haki ya kumuaga mtu wao. Wapeni msafara mwingine. Nendeni kituo cha polisi siku chache kabla mwombe askari wa usalama barabarani awaongoze, mara nyingi hawakatai wakifuatwa kwa adabu. Kila mtu kofia imefungwa, taa imewaka, pikipiki moja mtu mmoja, mwendo wa 30. Mstari wa wawili wawili waliopishana, mmoja kushoto mmoja kulia nyuma yake, na kati yako na aliye mbele yako kwenye mstari wako uhesabu sekunde mbili. Mkizidi ishirini mjigawe makundi, yapishane dakika tano. Aliyekunywa apande gari la wazee. Huko Marekani waendesha pikipiki wengine huacha nafasi tupu mbele kwenye mstari, pale ambapo marehemu angekuwa, na hakuna anayeijaza mpaka mwisho wa safari. Fanyeni hivyo. Kisha mkifika pale sheli, zimeni injini zote kwa pamoja, mbali na lami, msome dua. Utaona ukimya wa pikipiki ishirini unavyosikika kuliko honi.

Mikono kutetemeka si woga wala si udhaifu. Mwili wako unapakumbuka mahali pale kabla akili haijafika, na wiki tatu ni siku chache. Kwa sasa usipite pale na abiria. Nenda kwa miguu mchana, na mwenzako mmoja, kaeni hata nusu saa, utazame magari yanavyoingia na kutoka. Baadaye upite na pikipiki bila mzigo. Usijitibu kwa pombe ili ulale, usingizi wake ni wa deni. Ikivuka mwezi mmoja bado unaiona ile picha usiku, unashtuka kwa kila honi, au unaona heri usiendeshe tena kabisa, nenda kituo cha afya uwaeleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Hali hiyo inajulikana na inatibika. Waulize pia wenzako, kwa mmoja mmoja, pembeni. Siyo wewe peke yako uliyeiona ile kofia.

Mambo ya karatasi yasisahaulike katikati ya majonzi, kwa sababu familia nyingi za madereva hupoteza haki yao hapa. Noah inatakiwa kisheria kuwa na bima, hata kama ni ile ndogo, na kama dereva wake atapatikana na kosa, warithi wa marehemu wanaweza kudai fidia kwa kampuni iliyoikatia bima gari hilo. Watahitaji taarifa ya polisi pamoja na mchoro wa ajali, ripoti ya uchunguzi wa mwili kutoka hospitali, cheti cha kifo, na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kwa familia ya kawaida hilo la mwisho linaanzia mahakama ya mwanzo, wakiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo. Wewe uliyeona alama ya tairi kabla mvua haijaifuta, nenda ukaandikishe maelezo yako, hatua kumi na nne na kofia mtaroni, yote, hata yale yasiyompendeza marehemu. Pikipiki isitengenezwe wala kuuzwa mpaka mkaguzi wa magari aikague. Na jihadharini na anayekuja msibani na bahasha akitaka mtu atie sahihi siku hiyohiyo.

Nimebakiza mama.

Amekuuliza ilikuwaje. Hakuuliza ni siku gani iliandikwa, hilo anamwachia Mungu na analijua kuliko sisi. Anataka kujua dakika ya mwisho ya mtoto wake, kwa sababu asipoijua ataitunga mwenyewe usiku, na atakayoitunga itakuwa mbaya kuliko ya kweli. Kwa hiyo nenda, siyo siku ya watu wengi. Nenda alasiri, kaa chini karibu naye, umsimulie polepole kwa mpangilio. Kwamba alikuwa amemfikisha abiria wake salama. Kwamba alikuwa kwenye njia yake, anarudi kwenu. Kwamba gari liligeuka mbele yake na muda ulikuwa mfupi mno. Kofia usianze kuisema wewe. Akiuliza, usimdanganye, mwambie ilikuwa haijafungwa vizuri, na kwamba kijiweni sasa mnazifunga na kuzikagua kila asubuhi. Uwe umeshaanza kuzikagua siku utakapomwambia.

Na mwambie kuhusu ile alama. Mwambie uliihesabu kwa miguu yako mwenyewe. Kwamba mwanawe hakuwa amelala wala hakuwa anacheza, aliiona ile gari, na kwa hatua kumi na nne alikuwa anapigana kurudi nyumbani.